Kipengele cha Saba

Fomu ina kurasa nne, nakala tatu.
Nimetumwa mimi kwa kuwa najua kuandika;
wenzangu wako Mvumi, wanapalilia uwele.

Jina la mtunzi.
Nikaandika: Njaa.
Kijana akakata kwa wino mwekundu.
"Mtu, mama. Mtu mwenye jina."
Basi nikamwandika bibi yangu, Matika Sogodi,
aliyeuza kaniki yake kwa kibaba cha mtama
akaimba njia nzima ya kurudi
ili haya isimwangushe.
Namba ya simu ya mtunzi.
Nikaandika yangu.

Maneno ya wimbo, yote, kwa Kiswahili.
Nusu yake ni hee, hee.
Hee kwa Kiswahili ni nini?
Akafikiri kweli, maskini, kalamu mdomoni.
"Andika furaha."
Si furaha.
Nikaandika furaha.

Kipengele cha saba: staha ya onyesho.
"Ngoma mnazishika wapi?"
Mapajani. Ndivyo muheme unavyoshikwa.
Akageukia dirisha, akalitazama vumbi la Dodoma
mpaka likamletea jibu:
"Kwani hamna viti?"

Muhuri ukalia pu. Pigo moja, kavu.

Siku ya sherehe tulizipandisha ngoma
juu ya stuli za plastiki, za kuazima
kwa muuza chipsi wa pale stendi.
Tukapiga. Meza kuu wakapiga makofi.
Nyemo, wa ngoma kubwa, akaniinamia katikati ya wimbo:
"Dada, mbona inalia
kama mtu anabisha hodi
nyumbani kwake mwenyewe?"