Nyongeza

Karatasi mbili ziko mezani, chini ya jiwe la kilo,
upepo wa dirishani usizipeperushe.
Ijumaa ndiyo mwisho. Leo Jumatano,
na Nyaketcho amelala, mguu nje ya chandarua,
hajui kwamba mama yake anapima.

Kupima ndiyo kazi yangu.
Miaka kumi na mmoja soko la Tororo,
kibanda cha nne kutoka bombani:
mchele, mtama, unga wa muhogo.
Naijua mizani kama mke amjuavyo mume,
hapo inaponyooka, hapo inapodanganya.
Najua mawe yaliyotobolewa chini, yakajazwa nta.

Karatasi ya kwanza ni ya shule mpya ya sayansi,
barabara ya Malaba. Darubini sita, bwawa la samaki.
Wanachukua watoto wa kila gombolola,
wa mwenye duka na wa mponda kokoto,
kwa kura: majina ndani ya ndoo,
mkono unaingia, mkono unatoka.
Likatoka letu.
Nilipiga kigelegele, kisha nikaona haya.
Ndoo haikujua kwamba binti yangu ana akili.

Karatasi ya pili inajua.
Darasa la vipawa, watoto ishirini na wanne tu,
katika shule kongwe nyuma ya kanisa.
Walimkalisha mtihani saa tatu nzima.
Tisini na sita, zimezungushiwa wino mwekundu.
Baba yake akapiga simu kutoka Moroto,
huko polisi walikompeleka:
"Hapo hapo! Usinipotezee mtoto kwa ndoo!"
Kisha salio likaisha.

Mama mkwe akasema,
watoto waliotengwa hujifunza kutenga.
Nabwire wa nyanya akasema,
kisu kikali hakipasulii kuni.
Wote wana haki, na mimi sina usingizi.

Obbo, mdogo wake, alifanya mtihani uleule.
Arobaini na moja.
Hakuna aliyemuuliza anachokijua:
kwamba hunusa mvua katika vumbi la saruji,
kwamba akiinua gunia hukutajia uzito wake,
asikosee hata nusu kilo.
Aliangalia namba yake, akaangalia ya dada yake,
akaenda kuchota maji bila kutumwa.

Jumatatu nilifunga kibanda, nikapanda boda.
Kwenye darasa la vipawa sakafu inang'aa,
mikono inapanda juu kabla swali halijaisha.
Mwalimu mkuu alinionyesha vikombe kabatini.
Aliuliza alama. Jina hakuuliza.

Kule kwenye sayansi bwawa linanuka, niseme kweli,
na darubini mbili zimefungwa kwa utepe.
Ilikuwa saa kumi na moja, kengele imeshalia,
nikamkuta mwalimu Othieno amesimama, funguo mkononi,
na kivulana kimoja kimeinamia bawa la nzi.
"Haelewi?" nikauliza.
"Ameelewa tangu saa tisa," akasema.
"Anataka tu kuendelea kuangalia."
Akabadilisha mguu. Akangoja.

Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi.
Sokoni, kilo ikishatimia, mkono hurudi guniani,
ukatia konzi moja juu, isiyoandikwa popote.
Mteja harudi kwa ajili ya kilo.
Hurudi kwa ajili ya ile konzi.

Lakini je, kama siku ile ilikuwa bahati tu?
Kama mwalimu atahamishwa mwezi ujao,
kama kisu changu kitaota kutu kando ya bwawa,
na siku moja binti aniulize, mama,
kwa nini hukunipeleka walikoniita kwa jina la akili yangu?

Nyaketcho amegeuka, amevuta mguu ndani.
Nimejaza karatasi ya kwanza. Kwa penseli, nakiri.
Nimelirudisha jiwe juu yake,
jiwe langu mwenyewe, la miaka kumi na mmoja,
ambalo nalo, Mungu anisamehe,
limepungua kidogo.