Upatu wa Paisley

Desemba watu wana huruma.
Ndoo ninayoshika mlangoni mwa duka
hujaa kabla vidole havijafa ganzi:
noti, chenji, kifungo cha koti,
na mtoto mmoja aliyetia peremende yake
akaigeukia mara tatu akienda.

Februari ndoo ile ile inakinga maji
yanayovuja juu ya jiko letu.

Mimi ni mweka hazina.
Jina Mwanakombo; wananiita Kombo,
na sijawaambia kwamba kwetu
makombo ni masalio ya sahani.
Mwenyekiti anaitwa Senga.
Nilipolisikia nikadhani tu ndugu,
kumbe ni Agnes, lililosomwa kinyumenyume
na mama aliyewachoka Agnes watatu wa ukoo.

Jumanne na Ijumaa tunapika:
supu ya dengu, viazi, mkate wa jana.
Watu sitini. Baridi ikikaza, tisini.
Tumbo halijui msimu,
niliwaambia kikaoni, makoti mwilini,
boila imekufa,
na mezani barua ya wafadhili
ikisikitika kwa lugha nzuri sana:
ruzuku imefika ukomo.

Fergus akataka tamasha.
Mwingine mbio, watu wavae kama karoti.
Senga akataka bahati nasibu, chupa ya wiski.
Nikasema fanyeni, vyote vizuri,
vyote mvua ya mawe:
kishindo juu ya bati, kisha kimya.

Ndipo nikawasimulia upatu.
Wanawake kumi na wawili wa Wete,
mama yangu kijumbe,
daftari lake lina harufu ya karafuu na mafuta ya taa.
Kila tarehe tano, elfu mbili.
Aliyekuja na elfu kumi kwa mbwembwe
alirudishiwa nane papo hapo:
"Weka. Mwezi ujao utazitafuta."

Na nani hupokea? wakauliza.
Kila mtu, kwa zamu.
Fergus akakuna ndevu: hapa je, zamu ya nani?
Sikuwa na jibu.
Nikasema, ya mwenye njaa,
nikajiona nimedanganya kidogo.

Tukaanza na watu kumi na saba.
Pauni tatu kwa mwezi, benki ikate yenyewe,
tarehe tano (hiyo sikuiachia).
Mama mmoja wa nyumba yenye bustani
akatoa hamsini mlangoni.
Nikamwambia, tatu zatosha,
lakini usitusahau Agosti ukiwa ufukweni.
Senga alininunia hadi kituo cha basi:
"Kombo, umekataa pesa!"
Tukaongeza ukumbi, Jumatano, kwa wacheza dansi.
Kumi na saba wakawa arobaini,
wakakaa pale pale miezi mitano,
nikaanza kutilia shaka daftari la mama.

Mji huu uliwahi kusokota nyuzi za dunia.
Jumba la makumbusho limefungwa, lakini dirishani mwa fundi
nimeona shali kuukuu,
na juu yake ua la korosho
lile lile la kanga za nyumbani.
Nilisimama mvuani nikilitazama.
Uzi mmoja haushiki hata kifungo.
Aliyeusokota alijua hilo,
na kesho yake akarudi kazini.

Bwana Farquhar, ghorofa ya nne,
ni wa tatu katika orodha yangu.
Hajakosa hata mwezi.
Februari hii aliingia kofia mkononi,
akasimama karibu na mlango kama anayesubiri mtu.
Nikadhani amekuja kuona pesa yake inavyotumika.
Akachukua bakuli.
"Nimekuja kwa zamu," akasema,
neno akilivuta vibaya, zaamu,
macho yake kwenye dengu.

Tarehe tano pauni zake tatu ziliingia.
Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kurudisha,
kikakaa.
Mama alirudisha ziada;
fungu la mtu hakuligusa.
Nikaandika: Farquhar, tatu.

Sasa tuko mia moja na arobaini.
Boila inanguruma.
Paa bado.
Ndoo iko pale pale, tone baada ya tone,
na Senga huimwaga kila asubuhi
bila kuihesabu.