Asilimia Arobaini na Saba

Mama Aikaruwa alishuka kutoka Uru na kibao cha saketi
ndani ya kopo la Blue Band,
kimefungwa leso mara mbili kama hela ya mchango.
"Mashine ya vifaranga imepoteza akili," akasema.
"Inasoma nyuzi tisini na tisa. Mayai ni mia na sabini na sita,
leo siku ya kumi na moja.
Nimeyaacha na chupa za maji ya moto na binti yangu.
Binti yangu ana usingizi."

Nikamwambia kesho asubuhi.
Kuflashi ni dakika nne:
unafuta akili ya zamani, unamimina mpya,
taa inapepesa, unatoza elfu kumi na tano.

Asilimia kumi. Ishirini na tatu. Arobaini na saba.
Kisha mstari mwekundu: mawasiliano yamekatika.

Nikabadili kebo. Arobaini na saba.
Nikaazima ya Kiwelu, ile nene, asiyoitoa bila maneno.
Arobaini na saba.
Nikalaumu umeme, maana umeme wa Pasua haukatai lawama.
Nikalaumu kiwanda. Nikalaumu lehemu yangu,
nikaichoma upya chini ya lenzi, na haikuwa na kosa.
Antivairasi nikaizima, ikaondoka inanung'unika.
Arobaini na saba.

Saa nane usiku mama akapiga simu.
Hakuuliza. Alisema tu, "Maji nimechemsha mara ya tano,"
na nyuma ya sauti yake nikasikia kuni zikialika.

Ndipo nikafungua orodha ya programu zinazoendesha mambo
bila kuonekana, kama wapishi wa msibani,
nikazisoma moja moja kwa kidole.
Mchawi niliyemtafuta mtaa wa pili
alikuwa kwangu, amejifunika shuka langu.

Programu ndogo ya kunakili picha.
Niliiweka mwenyewe, Desemba ile
kaka yangu Ndesario alipotoka Mererani
na simu iliyojaa hadi haipokei salamu.
Niliiagiza: akichomeka tu, amka, pokea.

Desemba nne sasa hajapanda Kidia.
Mtori tunapika, bakuli lake tunalifunika,
jioni tunalifunua, watoto wanakula.
Hatujazika mtu. Hatujapokea mtu.

Na hii imekaa mlangoni miaka yote minne.
Kwenye arobaini na saba kibao hujizima, hujiwasha,
hubisha hodi upya kwa jina jipya;
basi inakurupuka:
Ni wewe?
Inamshika mgeni mkono, neno likiwa bado mdomoni mwake,
Ni wewe? Umekuja na picha?
Mlango ni mmoja, hauna nafasi ya mazungumzo mawili.
Mgeni anachanganyikiwa, ananyamaza.

Nikakumbuka vifaa nilivyorudisha kwa wenyewe.
Redio ya mwalimu wa Rau. Ving'amuzi, sijui vingapi.
Nilisema, hiki kimekufa, pole,
na nilisema kama mtu anayejua.

Kuna kitufe cha Sitisha na kuna cha Futa,
vimekaa jirani, kosa la kidole kimoja.
Nilibonyeza Sitisha.

Arobaini na saba.
Arobaini na nane, sura nisiyowahi kuiona usiku ule,
na sitini, na tisini, na taa ikapepesa kijani
juu ya meza yenye vumbi la risasi na maganda ya karanga.
Nilikodi bodaboda kabla ya adhana.

Siku ya ishirini na moja ukaja ujumbe wa sauti,
sekunde tisa, hakuna neno, vifaranga tu.
Baadaye akaniambia: waliopasua ni mia na tisa.
Wengine baridi ile iliwawahi.
Elfu kumi na tano aliilipa kwa noti za mia tano.
Sikuzihesabu.

Siku hizi asubuhi naizima, niko kazini.
Jioni, nikishashusha mlango wa bati,
naiwasha.