Jumanne, Nyuma ya Reli

Mimi si mwalimu. Nililehemu meli miaka arobaini na mmoja
hapa Bremerhaven, nikastaafu na goti bovu,
na sasa kila Jumanne nafungua karakana nyuma ya reli
kwa wale ambao ofisi imewaandikia:
uzoefu bila cheti si uzoefu.

Shiyar alikuja Oktoba, mvua ikinyesha kwa ubavu.
Kwao Qamishlo aliunga matangi ya maji, matela ya trekta,
mageti ya wenye mali na vitanda vya wasio nayo.
Hapa, miaka mitatu, amekunja maboksi ya viatu.
Nikampa bunduki ya kulehemu. Mkono ukamtetemeka
kama wa mtu anayeandika jina lake baada ya homa.
Ujuzi hauzeeki, naam,
lakini hushika kutu,
na kutu haitoki kwa pole.

Nikamfokea: Vaa kinyago!
Kwao walifumba jicho moja, la pili wakamwachia Mungu.
Nikamfokea: Andika! Arki. Pengo. Mshono.
Tulipofika mavi ya chuma alicheka, mara ya kwanza.
Maneno yalimchosha kuliko moto.

Jaribio ni hili: unakata kipande, unakitia mashineni,
kinapindwa mpaka ncha zake zinatazamana.
Kikipasuka, hujui kitu.
Cha kwanza kilipasuka.
Cha pili pia: kitundu, kichwa cha sindano.
Akaketi juu ya ndoo, akasema kwa Kijerumani chake cha ghalani,
“Nyumbani, kazi zangu bado zimesimama,”
kisha akanyamaza,
maana hakuwa na hakika.

Wiki iliyofuata, kabla ya kuwasha,
aligonga bamba kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.
“Lina baridi ndani.”
Akalipasha polepole, akagonga tena.
Miaka arobaini na mmoja,
sijawahi kuliuliza bamba hali yake.

Kilipinda. Hakikupasuka.
Cheti kilikuja kwa posta; akakitia mfuko wa nailoni
pamoja na kadi za chanjo za watoto.
Kipande chenyewe aliniachia. Nakizuilia mlango.

Nilimuuliza ule mlio unaitwaje.
Kijerumani hakina neno, au mimi ndiye sina.
Akaliandika kwa chaki ukutani, la Kikurdi,
kati ya arki na pengo.
Wanafunzi wapya hulinakili pamoja na mengine,
wakidhani ni Kijerumani.
Siwasahihishi.