Kumi na Moja

Saa kumi na moja na nusu, Oktoba, giza bado.
Friesland imelala kifudifudi kwenye umande.
Nimesimama mlangoni mwa zizi, buti zimejaa matope,
shingo nimeigeuza magharibi, kwenye Kilimia.

Nyuma yangu mashine ya kukamua inapumua,
fyu, fyu, fyu,
pumzi moja kwa sekunde, ndivyo alivyosema aliyeniuzia.
Saa nyingine sina. Za mkononi huuawa na maji.

Lile pale.
Limechomoka ghafla kwenye kivuli cha dunia
kama mtu atokaye jikoni akijifuta midomo:
ganda la roketi, tupu, lililomaliza kazi
kabla sijaolewa, na hakuna aliyelirudia.
Linajibiringisha. Ubavu mmoja ukilidaka jua
ambalo sisi wa chini hatujagawiwa,
linakonyeza.
Nahesabu pumzi. Kumi na moja.
Linakonyeza tena.

Naandika kwa chaki ukutani, 11,
chini ya tarehe za ng'ombe wenye mimba.

Sjoerd, aliyekuwa akifungua daraja la mfereji
hadi daraja lilipofundishwa kufunguka lenyewe,
analitazama kutoka ng'ambo, kwa saa ya wanariadha.
Mwaka wa kwanza tuliafikiana.
Wa pili akasema kumi na mbili na ushei.
Wa tatu, kumi na nne. "Linachoka, Baukje."
"Macho yako ndiyo yaliyochoka," nikamjibu.
Ukuta wangu ulikuwa shahidi: 11, 11, 11,
msururu mzima hadi kwenye swichi ya taa.

Jumanne akaja fundi wa mashine.
Akafungua kifuniko, akasikiliza, akacheka.
"Mama, hii imekuwa ikijikokota miaka.
Ng'ombe hawakulalamika?"
Walilalamika. Nilidhani ni uzee, wao na mimi.

Jumatano, fyufyufyu, mbio kama kijana mwenye miadi.
Likachomoka. Likakonyeza.
Nikahesabu: tisa, kumi, kumi na moja,

anga kimya,

kumi na mbili, kumi na tatu,
kumi na nne.

Kumbe vilikuwa vikipungua pamoja,
chuma cha juu na chuma cha zizini,
hatua kwa hatua, kimoja kikimsitiri mwenziwe.

Sijampigia Sjoerd simu. Nitampigia.
Kwanza nimkamue Roosje, hupiga teke akicheleweshwa.
Chaki ninayo mfukoni.
Zile kumi na moja sizifuti.