Zinazozama

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mimi nafunga duka saa mbili; wakala wangu hafungi.
Yumo ndani ya simu, hana miguu wala usingizi,
usiku kucha anapatana bei na mawakala wenziwe
wasiokohoa, wasioapa,
wasiosema "mama, niongeze kidogo."
Aliyenitilia ni Shekiondo, mtoto wa dada.
Nikamwambia: kabla ya bei, aulize jina.
Akacheka. "Huko hakuna jina, mama mdogo. Kuna nyota."

Haya, nyota.
Mwezi wa Rajabu alinipatia muuzaji
aliyesifiwa na wateja mia nne, wote nyota tano.
Akalipa kabla sijaamka kuswali.
Gunia likaja: pilipili manga, nyeusi, kavu, nzuri machoni.
Bi Mwanjaa, mpika pilau wa Chumbageni,
alirudi na kifuko, hakusema neno,
akanimiminia tu kiganjani:
mbegu za papai.

Wale mia nne, nikaja kujua,
walikuwa mawakala wa mtu mmoja,
wamekaa duara, kila mmoja akimpaka mwenziwe wanja.
Chema chajiuza, ndiyo.
Kibaya siku hizi hakijitembezi tena:
kinajinunua chenyewe, kisha kinajisifu.
Nami nyota zangu zikashuka. Tatu na nusu.
Ile nusu inaniuma kuliko ile moja nzima.

Mama alikuwa na daftari la jalada jekundu.
Aliandika:
*Kibwana, hulipa, ila umkumbushe baada ya Ijumaa.*
*Mke wa Mhando, mwongo wa bei, mkweli wa mizani.*
*Huyu kachelewa mwaka wa mafuriko. Si yeye, ni barabara.*
Nimfundisheje wakala kuandika hiyo ya barabara?

Jana saa tisa usiku simu ikatetemeka.
Muuzaji mpya, Semhando Kilua, wa Amani, huko juu milimani,
pilipili ya shamba lake, magunia sita.
Nyota: hakuna.
Wakala akaniandikia kwa adabu yake ya chuma:
"Hajulikani. Napendekeza kukataa."
Hajulikani na nani?
Mgeni ataingia wapi, ikiwa kila mlango
unadai barua ya mlango uliotangulia?

Nikaandika kwa kidole kimoja, gizani:
Chukua nusu gunia. Nusu ya pesa sasa, nusu ikishapimwa.
Wakitaka mdhamini weka jina langu,
hilo hilo la tatu na nusu.
"Hatari ni yako," akajibu.
Siku zote ilikuwa yangu.

Leo mzigo umeshuka stendi ya Kange.
Nimefungua, nimenusa, sijaiamini pua.
Nimeteka maji kwa bakuli jeupe la mama,
nikatupa punje ishirini.
Mbegu ya papai huelea. Pilipili iliyokomaa huzama.
Shekiondo ameinama, simu mkononi, kidole tayari.
Ngoja, namwambia.
Maji bado yanacheza.