Leso Niliyokwenda Nayo Makadara

Waliniambia Jumatatu, saa moja asubuhi, tumbo tupu,
nije na beseni, sabuni, kikombe,
kadi ya bima, picha za tumbo
na leso mbili.

Jumapili nikafungua sanduku.
Doti la arusi ya Muniira, hapana, lile la kutazamwa.
Ya kijani imetoboka.
Ikabaki hii nyekundu, nzito, inayofyonza maji,
niliyoinunua Biashara kwa hasira:
MLANGO WANGU SI WAKO, WACHUNGULIA YA NINI.

Ilikuwa ya Mbeyu, wa chumba cha pili.
Ugomvi ulianzia foleni ya maji,
nani alisogeza mtungi wa nani, sikumbuki tena.
Miaka minne nimeianika upande wake,
maneno yakimkodolea macho.

Nikaikunja, maneno ndani.
Nikakata kucha. Hina haitoki kwa kukwangua,
daktari atajuana nayo.
Nikalipa deni la dukani kwa Badi, mia mbili na themanini,
asije akasimama kulitaja mbele ya jeneza.
Nikamfunza mjukuu wangu Twalha kuwasha jiko la gesi,
kisha kulizima,
kulizima mara tatu.
Ufunguo nikampa.
Sikumwambia asimpe nani. Nilidhani anajua.

Wodini, kitanda cha kumi na nne.
Feni inageuka kama mtu aliyesahau alichofuata.
Sista Mbodze akaisoma leso, akacheka:
"Mama, humu unamsuta nani?
Hapa mlango wenye komeo hatuna, hata wa choo."
Nikacheka naye. Hiyo ni kabla ya kisu.
Baada ya kisu, kicheko unakilipia papo hapo.

Usiku wa pili binti wa kumi na tano alitetemeka,
akimwita mamake aliye Mtwapa.
Nikanyoosha mkono, nikamtupia leso.
Akalala na ugomvi wangu kifuani
mpaka chai ya saa kumi na mbili.

Ijumaa wakanipa ruhusa,
dawa za siku saba, na kichupa:
mawe matatu ya nyongo, mithili ya mbaazi.
"Bi, haya ndiyo yaliyokuliza?" aliuliza Twalha.
Tuktuk hadi Kisauni. "Kijana, taratibu, nimeshonwa."
Kila tuta nililipokea kwa mikono miwili.

Mlango wangu ulikuwa wazi.
Mbeyu akatokea ndani, unga hadi viwikoni.
"Ngia. Usiiname, viatu nitakuvua mimi."

Pipa limejaa, linamwagika.
Mchuzi wa kuku, bila mafuta: Twalha kamwambia yote.
Na kitanda kimehama,
kimekaa chini ya dirisha, lile la upande wake.
"Usiku ukigonga hapa," akasema, "nasikia."

Nilitafuta la kusema.
Nikamwambia uji una sukari nyingi.
"Basi uwache," akasema, akanishikia kikombe.

Mfuko aliufungua kabla sijamkataza.
Jioni nikamwona uani, akiikamua,
akaikung'uta, akaitandaza kwenye kamba,
maneno nje, herufi zote,
akazinyoosha kwa kiganja pale zilipokunjana.

"Rangi yake bado ipo," akanisemesha bila kugeuka.
"Ila pindo limefumuka. Kesho nilete sindano."

Nami nimelalia ubavu mmoja,
kidevu kwenye kizingiti cha dirisha,
nachungulia.